Nyimbo za sinagogi na opera: kufanana kwake kunatoka wapi?

Sauti ya Tatu (Moshi) anauliza:

Wanajukwaa, nawasalimu. Nimeimba sauti ya tatu kanisani kwa miaka mingi, lakini swali langu leo si la kwaya za kanisani. Ninazo rekodi za Yossele Rosenblatt, hazani aliyezaliwa Ukraine mwaka 1882 na kupata sifa zake kubwa zaidi akiwa New York (hazani, kwa wasiomfahamu, ni yule anayeongoza sala ya sinagogi kwa kuimba), na ninazo pia rekodi za Enrico Caruso, mwimbaji wa opera wa Kiitaliano, za miaka ile ile. Nikizisikiliza kwa kufuatana, masikio yangu yananiambia kwamba watu hawa wawili wametoka nyumba moja. Sauti inaanza chini kwa utulivu, inapanda taratibu, inaishikilia noti ya juu mpaka msikilizaji anaanza kuihofia pumzi ya mwimbaji, kisha inashuka kwa mfululizo wa noti ndogo ndogo zinazokimbizana, na mwishoni kuna kitu kama kwikwi ya kilio ambacho wote wawili wanakitumia, kila mmoja kwa namna yake.

Nimetafuta maelezo na nimekutana na madai yasiyopatana. Wapo wanaosema kwamba watunzi wa opera walichukua nyimbo za sinagogi na kuzipeleka jukwaani, na mfano wanaoutoa ni opera ya La Juive ya Fromental Halévy, hasa aria (wimbo wa mwimbaji mmoja) ya "Rachel, quand du seigneur", pamoja na ile kwaya maarufu ya mateka, "Va, pensiero", ya Giuseppe Verdi. Wapo wanaosema kinyume chake, kwamba ni mahazani waliokwenda kwenye majumba ya opera, wakasikia, wakarudi na walichokisikia. Na wapo wanaosema kwamba pande zote mbili zimeteka maji katika kisima kimoja cha kale, ingawa hawakitaji.

Naomba mwenye ujuzi anisaidie, na ningefurahi zaidi kama atakayejibu ataeleza anazungumzia kufanana kupi: kwa melodi yenyewe, kwa ngazi ya sauti, au kwa namna ya kuitoa sauti kooni.

Mpanga Noti (Nairobi) anajibu:

Ndugu Sauti ya Tatu, umefanya vizuri kutenganisha mambo hayo matatu, kwa kuwa kuyachanganya ndiko kunakozaa madai hayo yasiyopatana.

Nianze na lililo jepesi. "Va, pensiero" si wimbo wa Kiyahudi. Verdi aliutunga kwa ajili ya Nabucco, opera iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza La Scala, Milano, tarehe 9 Machi 1842, na kilicho cha Kiyahudi humo ni kisa na maneno: Temistocle Solera, aliyeandika maneno ya opera hiyo, aliifuata Zaburi ya 137, ile ya mateka walioketi kando ya mito ya Babeli wakalia walipoikumbuka Sayuni. Melodi ni ya Kiitaliano tangu noti ya kwanza, kwaya ikiimba kwa sehemu kubwa sauti moja juu ya mpigo wa kubembea. Rossini naye alimpa Musa sala nzuri mno katika opera yake juu ya Musa huko Misri, iliyoanza kuonyeshwa Naples mwaka 1818 na kuongezewa sala hiyo mwaka uliofuata, na sala hiyo nayo haina nasaba na sinagogi. Watu wakiwaona Waebrania jukwaani hudhani moja kwa moja kwamba wanachoimba ni muziki wa Waebrania.

La Juive ni habari nyingine, na hapo inafaa twende polepole. Halévy alizaliwa Paris mwaka 1799. Baba yake, Élie, alitoka Fürth katika Bavaria, alikuwa msomi wa Kiebrania na mshairi katika lugha hiyo, kwa hiyo kijana alikua akiisikia sala ya sinagogi kama wengi wetu tulivyokua tukiisikia ibada ya nyumbani kwetu. Mwaka 1820, kabla hajajulikana kama mtunzi wa opera, alitunga De profundis kwa maneno ya Kiebrania kwa ajili ya ibada ya sinagogi la Paris ya kumwombolezea Duke wa Berry, aliyekuwa ameuawa mwezi Februari mwaka huo. Kwa hiyo La Juive ilipopanda jukwaani katika Opera ya Paris tarehe 23 Februari 1835, aliyeitunga hakuwa mtu anayewachungulia Wayahudi dirishani.

Sasa tazama mwanzo wa sehemu ya pili. Ni usiku wa Pasaka katika mji wa Konstanz, mwaka 1414, na sonara Éléazar amewakusanya Wayahudi wenzake nyumbani kwake kwa siri. Anaanza "Ô Dieu, Dieu de nos pères", nao wanampokea. Okestra, ambayo katika opera za Paris za wakati ule haikuwa na desturi ya kunyamaza, hapa karibu inajiondoa na kuziacha sauti za watu peke yake. Mimi sisemi kwamba Halévy aliunakili wimbo fulani wa Pasaka. Alichokichukua, kwa maoni yangu, ni utaratibu: kiongozi anatoa mstari, kusanyiko linauitikia, kiongozi anaurudia akiwa ameupamba kidogo, na ukimya unaofuata ni sehemu ya sala. Kisha unagawiwa mkate usiotiwa chachu, na mgeni mmoja, ambaye kumbe ni mwana wa mfalme aliyejifanya Myahudi, anautupa wake kwa siri huku Rachel, binti wa Éléazar, akimwona. Kisa chote kinageukia pale, na kingekosa nguvu kama sala iliyotangulia isingekuwa na ukweli wake.

Aria uliyoitaja iko katika sehemu ya nne, na hapo hali inabadilika. Inatanguliwa na ala mbili za jamii ya zumari, zenye sauti nzito ya puani, na kuna miondoko ya huzuni katika mstari wa sauti ambayo mtu aliyezoea sinagogi ataitambua. Lakini umbo lake ni la aria kubwa ya Kifaransa, yenye ubeti unaorudi na mwisho wa kasi unaomtaka mwimbaji apande mpaka watu wasimame. Inaelezwa kwamba Adolphe Nourrit, aliyekuwa wa kwanza kumwimba Éléazar, ndiye aliyeshauri sehemu hiyo imalizike kwa aria ya mtu mmoja badala ya kwaya. Kwa hiyo ni opera iliyotungwa na mtu mwenye sinagogi masikioni, wala si sala iliyohamishiwa jukwaani.

Kuhusu ngazi ya sauti, wanaosoma solfa wajaribu hii: mi, fa, se, la, ti, do, re, mi. Mruko ule wa kutoka fa hadi se, ambao ni mpana kuliko hatua ya kawaida na umebanwa kati ya hatua mbili nyembamba, ndio unaoipa sehemu kubwa ya sala za Wayahudi wa Ulaya Mashariki ladha yake. Wao ngazi hiyo wanaiita Ahavah Rabbah, kwa jina la sala ya asubuhi. Tatizo ni kwamba watunzi wa majumba ya opera waliupenda mruko huo huo na kuutumia kila walipotaka kumwambia msikilizaji "sasa tuko Mashariki". Saint-Saëns aliutumia katika ile ngoma ya Wafilisti ndani ya Samson et Dalila, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Weimar mwaka 1877, na wanaocheza pale, kama jina linavyosema, ni Wafilisti, maadui wa Waebrania! Mtu anayesikia mruko huo na kutangaza kwamba amegundua asili ya Kiyahudi anaweza kuwa amegundua tu Mfaransa anayeliwaza jangwa.

Mkaazi wa Mji Mkongwe (Unguja) anajibu:

Nimesoma kwa makini maelezo ya Mpanga Noti na ninaomba kuongeza jambo kuhusu ile ngazi aliyoiandika kwa solfa. Sisi tuliolelewa na taarab, ile yenye udi, kanuni na fidla ambayo Ikhwani Safaa wanaipiga tangu mwaka 1905, tunaijua kwa jina la Hijaz. Tumeisikia katika kasida, tumeisikia katika adhana, na hatukuhitaji sinagogi wala opera kuifahamu. Sidai kwamba Ahavah Rabbah na Hijaz ni kitu kimoja kisicho na tofauti, kwani namna ya kuianza, kuitembeza na kuifunga hutofautiana baina ya jumuiya na jumuiya, na fundi wa udi ataziweka baadhi ya noti mahali ambapo piano haifiki. Hata hivyo ujamaa wake hauwezi kukanushwa.

Ninalotaka kulisisitiza ni kwamba mazungumzo haya yanawahusu Wayahudi wa Ulaya tu, ilhali Wayahudi si wa Ulaya peke yao. Wayahudi wa Aleppo, Siria, ambao wengi wao walihamia Brooklyn, wana desturi ya kuichagulia kila Sabato maqam yake (yaani ngazi ya sauti ya muziki wa Kiarabu) kwa kuangalia sehemu ya Torati inayosomwa siku hiyo, na Hijaz huwekwa kwa habari za msiba na huzuni. Nyimbo zao za sifa, ambazo wanaziita pizmonim, nyingi zimetungiwa maneno ya Kiebrania juu ya melodi za Kiarabu zilizokuwa zikiimbwa mitaani na katika kumbi za starehe, zikiwemo za Misri. Msikilizaji wa Unguja akiwasikia atahisi yuko nyumbani upesi zaidi kuliko msikilizaji wa Milano.

Kwa hiyo kama alivyofanya Myahudi wa Aleppo kwa jirani yake Mwarabu, ndivyo alivyofanya Myahudi wa Vienna kwa jirani yake mwenye jumba la opera. Swali la ndugu yetu wa Moshi ningeliuliza hivi: ni nini ambacho hazani wa Ulaya hakukichukua kwa jirani, bali alikuwa nacho tangu mwanzo? Jibu langu ni usomaji wa Torati kwa alama za mapokeo, ambao haufuati mpigo wowote bali unafuata sentensi, pamoja na zile melodi kongwe za sikukuu kuu ambazo jumuiya za bonde la mto Rhine zilizitunza tangu zama za kati, ikiwemo ya Kol Nidre ya usiku wa Siku ya Upatanisho.

Sauti ya Tatu anauliza tena:

Nawashukuru nyote wawili. Naona melodi imekwisha kupata jibu na ngazi ya sauti nayo imepata jibu la nusu. Lakini koo je? Rosenblatt hakuwa akiimba aria, na Caruso hakuwa akisali, lakini zile noti za juu na ile kwikwi ni ndugu. Je, hapo napo ni jirani aliyeazima kwa jirani?

Mwalimu wa Sauti (Dar es Salaam) anajibu:

Ndugu yangu, hapo umefika kwenye kiini, na mimi ningeanzia hapo badala ya kuanzia kwenye melodi, kwa sababu melodi huandikwa na kubishaniwa lakini sauti huhama pamoja na mwenye nayo. Tazama watu wenyewe.

Katika London ya karne ya 18, Myer Lyon aliimba katika Sinagogi Kuu na pia aliimba opera Covent Garden, ambako walimwita Leoni. Melodi yake ya sala ya Yigdal ilimgusa mhubiri wa Kimethodisti, Thomas Olivers, akaitungia maneno ya Kikristo, na mpaka leo vitabu vya tenzi vya Kiingereza vinaichapa melodi hiyo kwa jina la Leoni. Mmoja wa vijana waliomsaidia kuimba sinagogini alikuwa John Braham, ambaye baadaye alikuwa mwimbaji wa sauti ya tatu mwenye jina kubwa kuliko wote Uingereza, na ambaye mtunzi Weber alimtungia nafasi ya Huon katika opera ya Oberon mwaka 1826. Kijana aliyeanza kwa kumwitikia hazani alimaliza kwa kuitikiwa na okestra.

Vienna kulikuwa na Salomon Sulzer, aliyeliongoza sinagogi la mjini tangu lilipofunguliwa mwaka 1826. Watu wasio Wayahudi walikwenda kumsikiliza, Liszt akiwa miongoni mwao, na Franz Schubert alimtungia Zaburi ya 92 kwa Kiebrania chenyewe mwezi Julai 1828, miezi michache kabla ya kufariki. Jambo la kuvutia ni kwamba Sulzer mwenyewe alikusudia kuisafisha ibada: aliona kwamba mahazani waliomtangulia walikuwa wamejaza mapambo ya ovyo na vipande vya muziki wa dansi na jukwaa, akataka kuzirudisha melodi za kale katika hadhi yake. Lakini aliposafisha alisafisha kwa sabuni ya Vienna, kwa hiyo matokeo yake yana upatano wa sauti nne ambao ungeweza kusikika katika kanisa au ukumbi wowote wa mji ule. Malalamiko dhidi ya muziki wa jukwaani, kwa kweli, ni ya kale kuliko yeye. Marabi wa vizazi vingi waliwakemea mahazani waliorudia rudia maneno ya sala ili kuonyesha sauti zao, na mtu hakemei kisichotendeka.

Sasa turudi kwa koo lenyewe. Hazani wa mapokeo anaimba siku ya Sabato bila ala yoyote, kwa kuwa ala hazipigwi siku hiyo, katika jengo lililojaa watu, na siku ya Upatanisho anasimama karibu mchana kutwa akiwa amefunga. Mwimbaji wa opera anaimba bila kipaza sauti juu ya okestra ya watu wengi, katika ukumbi wenye ghorofa kadhaa. Hali hizi mbili zinamlazimisha kila mmoja kutafuta kitu kile kile: pumzi inayoshikwa na misuli ya chini ya mbavu, sauti inayolia katika mifupa ya uso badala ya kusukumwa na koo, na noti ya juu inayoweza kuanza nyembamba, kujazwa, na kupunguzwa tena bila kukatika. Si lazima mmoja awe amemfundisha mwenzake, kwani kazi yenyewe ndiyo iliyowafundisha, na hapo ndipo ningetafuta kile kisima ulichokitaja.

Ila kuhusu ile kwikwi naona kweli kuna kuazimana, na chombo cha kuazimana kilikuwa santuri. Waimbaji wa opera walianza kulia waziwazi jukwaani hasa baada ya opera za miaka ya 1890, kama Pagliacci ya mwaka 1892, ambazo zilileta wivu na visu vya watu wa kawaida mahali palipokuwa pa wafalme. Muda si mrefu baadaye ndipo mahazani wa Ulaya Mashariki, wenye desturi yao ya zamani ya kulia katika sala, walipoanza kurekodiwa, akiwemo Gershon Sirota wa Warsaw, ambaye baadaye aliuawa katika ghetto ya mji huo (mtaa waliofungiwa Wayahudi) mwaka 1943. Santuri za mahazani na za waimbaji wa opera ziliuzwa katika maduka yale yale na kusikilizwa katika vyumba vile vile. Watu walimwita Sirota Caruso wa Kiyahudi, na sioni ajabu kama kila upande ulichukua kwa upande wa pili kile ulichokipenda.

Kuhusu Rosenblatt wako, yeye ndiye mfano mzuri wa mtu aliyesimama mlangoni akakataa kuingia. Mwaka 1918 opera ya Chicago, iliyokuwa chini ya Cleofonte Campanini, ilimwomba aimbe nafasi ya Éléazar katika La Juive kwa dola 1,000 kila onyesho, na ikamhakikishia kwamba hataimba siku ya Sabato wala hatanyoa ndevu zake. Alikataa, kwa kuona kwamba jukwaa la opera si mahali pa mtu anayeiongoza sala. Caruso mwenyewe alikuja kuimba nafasi hiyo New York kuanzia mwaka uliofuata, na ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuiimba mbele ya watu, tarehe 24 Desemba 1920. Kwa hiyo hizo rekodi mbili unazozilinganisha ni za watu wawili walioitwa kwenye nafasi moja.

Wengine waliingia. Hermann Jadlowker wa Riga alikuwa wa kwanza kumwimba Bacchus katika Ariadne auf Naxos ya Richard Strauss, Stuttgart mwaka 1912, na baadaye akarudi Riga kuwa hazani. Joseph Schmidt alikuwa mfupi mno kwa jukwaa, hivyo opera zake nyingi aliziimba redioni Berlin, mpaka utawala wa Wanazi ulipomfukuza. Alifariki Uswisi, alipokuwa amewekwa katika kambi ya wakimbizi, mwezi Novemba 1942 akiwa na umri wa miaka 38. Richard Tucker alikuwa hazani Brooklyn alipoanza kuimba Metropolitan Opera ya New York mwezi Januari 1945, akabaki huko kwa miaka 30, na katika miaka hiyo yote aliendelea kuongoza sala za sikukuu kuu. Alipofariki Januari 1975 jeneza lake liliwekwa juu ya jukwaa la Metropolitan kwa ibada ya mazishi, heshima ambayo hakuna mwimbaji mwingine aliyepewa.

Niongeze jambo moja ambalo si la sauti. Kufanana huku si kila mara kumezungumzwa kwa nia njema. Mwaka 1850 mtunzi wa opera wa Kijerumani, Wagner, aliandika makala dhidi ya Wayahudi katika muziki, mwanzoni akitumia jina la bandia na mwaka 1869 kwa jina lake, na ndani yake aliudhihaki uimbaji wa sinagogi na kudai kwamba mtunzi Myahudi hawezi kufanya lolote ila kuiga. Mtu huyo huyo aliusifu muziki wa Halévy, na Parsifal yake ya mwaka 1882 iliongozwa na Hermann Levi, mtoto wa rabi. Ukikutana na maandishi yanayosema kwamba muziki huu "umeibwa" na watu wale, angalia kwanza aliyeandika alikuwa akitafuta nini.

Mkazi wa Mbale anajibu:

Ningependa kuuunga mkono mchango wa Mji Mkongwe kwa mfano wa hapa kwetu. Katika vilima vilivyo karibu na Mbale, Uganda, wapo Abayudaya, jumuiya ya Kiyahudi iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919 baada ya yeye kuacha mafundisho ya wamisionari. Wanaimba Zaburi kwa Kiluganda na kwa Kiebrania, kwa melodi za hapa hapa, na katika upatano wa sauti zao mtu aliyekulia kwaya za Kianglikana anatambua alikotoka Kakungulu. Rekodi zao zilitolewa na Smithsonian Folkways, kampuni ya rekodi ya Marekani, mwaka 2003. Ni sala zile zile alizoziimba Rosenblatt, na hakuna tone la opera ndani yake.

Mpanga Noti anajibu:

Nakubaliana na Mwalimu wa Sauti karibu katika kila jambo, isipokuwa ningelirudisha nyuma tarehe ya kuanza kwa ujirani. Opera ilizaliwa Italia karibu na mwaka 1600, na mji wa Mantua uliupa ulimwengu L'Orfeo ya Monteverdi mwaka 1607. Katika ikulu ile ile ya akina Gonzaga, watawala wa Mantua, alifanya kazi Myahudi aliyeitwa Salamone Rossi, mpiga fidla na mtunzi, ambaye mwaka 1617 alishirikiana na Monteverdi na wengine kutunga muziki wa igizo takatifu juu ya Maria Magdalena. Mtu huyu alichapisha Venice, mwaka 1623 kwa hesabu yetu, kitabu cha nyimbo 33 za Kiebrania kwa ajili ya sinagogi, za sauti tatu hadi nane, huku rabi Leon Modena akiandika utetezi wa kuhalalisha jambo hilo mbele ya wale waliolichukia. Ukizifungua nyimbo hizo ukitafuta melodi ya kale ya sinagogi hutaipata. Ni muziki wa Mantua uliovaa maneno ya Zaburi. Mahali ambapo opera na sinagogi vilikutana mapema kuliko popote, mkopo ulikwenda upande wa sinagogi.

Mkopo wa upande wa pili ulikuja karne moja baadaye, tena Venice. Benedetto Marcello, bwana mkubwa wa mji huo, alichapisha kati ya mwaka 1724 na 1726 muziki wa Zaburi 50 za kwanza, na katika baadhi yake aliziingiza melodi alizozisikia katika masinagogi ya Venice, ya Waashkenazi (Wayahudi wenye asili ya Ujerumani na Ulaya Mashariki) na ya Wasefardi (wenye asili ya Hispania na Ureno), akizitaja waziwazi kwamba ni za Wayahudi. Lakini hakuzipeleka kwenye opera, na nadhani kwa makusudi, kwa sababu ni yeye aliyekuwa ameandika mwaka 1720 kitabu cha kuikejeli opera ya zama zake, waimbaji wake, watunzi wake na hata mama za waimbaji.

Kuna jambo dogo la uchapaji ambalo linanifurahisha kila ninapokiona kitabu cha Rossi na kile cha Zaburi cha Marcello. Kiebrania kinasomwa kutoka kulia, noti zinasomwa kutoka kushoto. Rossi aliacha noti ziende kama kawaida na kuweka chini yake kila neno likiwa limeandikwa kuanzia kulia, kwa hiyo mwimbaji anasoma neno kwa nyuma na kurukia linalofuata kwa mbele. Marcello, alipozinukuu zile melodi za sinagogi, alizigeuza noti zenyewe zisomwe kutoka kulia. Kama kwaya yako ya Moshi ingependa kujaribu, ndugu Sauti ya Tatu, anzeni na Kaddish (sala ya kulitukuza jina la Mungu) ya Rossi ya sauti tatu. Noti zake zinapatikana bure katika intaneti, zimeandikwa upya kwa herufi za Kilatini, na watu sita wanatosha kuiimba.